Mnyoo Hana Mdomo

Saa kumi na mbili asubuhi Nyamizi huniletea ndoo
kutoka mwalo wa Igombe.
Mwangaluka, asema, leo nimekuchagulia wenye matumbo.
Dagaa wenye matumbo hawana soko.
Huelea upande upande, wamevimba,
chakula cha mnandi.
Mteja wao ni mimi peke yangu,
na nawanunua kwa bei ya wazima.

Napasua mmoja kwa wembe.
Ndani amejikunja mkanda mweupe, tambi moja
ndefu kuliko nyumba yake.
Hana mdomo. Hana tumbo, hana jicho wala sikio.
Hula kwa ngozi, kama kanga inavyokunywa maji.

Lakini ana neva.
Siku ya kumpaka rangi niliziona zikiwaka kijani:
nyuzi mbili ndefu na vipago katikati,
ngazi ambayo fundi aliisahau kisimani.
Na pale neva inapokutana na neva, hazigusani.
Pana upenyo, mwembamba kuliko unywele
uliochanwa mara elfu,
na habari huuvuka kwa kuogelea.

Nilidondosha asetilkolini. Akalegea,
kama mgeni aliyeambiwa keti.
Nikasuuza, nikangoja, nikadondosha serotonini.
Akacheza.
Sisemi kwa mafumbo: alijikunja, akajinyoosha,
akayapiga maji ya sahani
hata Limbu, ambaye haachi chai yake kwa lolote,
akaiacha.

Serotonini.
Jina hilo nalijua kwa karatasi nyingine,
ile iliyokunjwa mara nne ndani ya boksi la vidonge
ninavyomeza saa mbili usiku
tangu Machi, tangu Kabula wangu,
aliyeishi siku tisa.
Daktari alinichorea nyuma ya cheti:
seli huku, seli kule, katikati pengo,
na kidonge kama bawabu
anayezuia neno lisirudishwe upesi lilikotoka.
Mama mkwe aliutazama mchoro kwa muda mrefu.
Huyu amelogwa, akasema, nanyi mnampa chokaa.

Sikumjibu. Ningeanzia wapi?
Kwamba neno linalotafutwa kichwani mwangu
kwa sehemu kubwa hupikwa utumboni?
Kwamba wako minyoo wa jamii hii
wasioweza kujipikia la kutosha,
wakalichota kwa mwenyeji, kibaba kwa kibaba,
wakalitumia kutembea?

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliotutangulia.
Hawakusema kuwa kikulacho huazima pia,
wala kwamba mnaweza kuazima
kwenye duka moja.

Kwangu, neno hilo likifika,
naweza kuosha kikombe. Naweza kupita
mbele ya duka la nepi pale Kirumba
bila kuvuka barabara.
Kwake lina maana moja tu: sogea.
Huzuni haijui. Furaha, nadhani, haijui pia.
Au labda sogea ndilo neno lenyewe, la zamani,
na sisi ndio tuliolivika mapambo.
Limbu anasema hilo halipimiki, nisiliandike kwenye ripoti.
Sikuliandika.

Jioni nilisuuza sahani mara tatu.
Mnyoo akapunguza, akapunguza, akatulia
kama utambi uliolowa.
Dirishani minandi walikuwa juu ya mawe,
mbawa wazi, wakijianika kama nguo za watu wengine.

Nimehesabu vidonge: vimebaki kumi na kimoja.
Nimempigia Nyamizi.
Kesho usichague, nimemwambia,
niletee kama walivyovuliwa.
Akanyamaza kidogo. Kwani wazima wana nini cha kutazama?
Nikamwambia sijui.
Nikamwambia, ndiyo maana.